El Camino, Ranchero na bandugu zao: usiogope kutu, ogopa pengo

Batu mingi bananiuliza kuhusu zile motoka za zamani za Marekani, mbele ni vwatiri ya familia, nyuma ni beni ya kamyoneti, yani Chevrolet El Camino, Ford Ranchero na bandugu zao wadogo, zenye kule banauzisha kwa mafungu mbili: zenye zilipona na zenye ni za kufufua. Mudogo wangu iko Phoenix, Arizona, yeye njo anaendaka kuziangalia na telefone mukononi, mi niko huku L'shi, yani Lubumbashi, namuambia inama hapa, bandika sumaku pale, fungua ile kifuniko nione ndani. Tumeangalia za kutosha nipate kusema kitu, na kitu yenyewe ni hii: kwa mutu wa Lubumbashi kutu si adui mukubwa. Adui ni kipande yenye haiko.

Najua Wamarekani benyewe banafundisha kinyume. Ku matangazo yabo sifa ya kwanza ni motoka haina kutu, na mutu akiona sakafu imetoboka anakimbia. Kwabo banakimbia na haki, juu kule tolie analipwa kwa saa, na saa moja ya garaji inaweza kupita dola mia, sasa sakafu mbili na chini ya milango mbili zinakula feza kuliko motoka yenyewe. Huku kwetu ni mambo ingine kabisa. Peleka motoka ku komini ya Kenya ao ya Katuba, hapa L'shi, tafuta tolie muzee mwenye mikono, atakata fashi yenye ilioza, atakunja toli na nyundo paka ifuate mustari ya zamani, atasude, atasawanisha, na bei ni ya kuongea. Huu ni muji wa mukuba, batu ba hapa kupiga chuma banajua. Lakini ule tolie, hata umupatie mwaka muzima na shalimo mbili, hawezi kukutengenezea kioo ya nyuma yenye kukunjama ya El Camino ya 1959, hawezi kukutengenezea bageti (mustari wa kupamba) ya kromi ya pembeni ya beni, na kalandri (uso wa mbele wenye matundu) ya Ranchero haiwezi kutoka ndani ya malata. Sasa unaona fashi makuta inaendaka.

Kwa bale vijana benye kushangaa eti vwatiri na beni ni nini, waulize bababo kuhusu Peugeot 404 bashe. Ni wazo ile ile, tena kwetu njo ilifanya kazi ya kweli, 404 kisha 504, na karibu tani moja ya mihogo na batu juu yake. Tofauti ni hii, Peugeot aliitengeneza kwa mutu wa kubeba, aliweka resori nzito nyuma, alafu Wamarekani balitengeneza kwa mutu mwenye anataka kubeba kidogo na kuonekana mingi. Ford njo alianza kule mwaka wa 1957 na Ranchero, Chevrolet akafuata mwaka wa 1959 na El Camino yenye mabawa ya nyuma sawa ndege, hata kama wazo yenyewe ilikuwa imekwisha kuzaliwa Australia tangu 1934 kwa Ford ya kule Geelong. Ile Ranchero ndogo ya 1960, yenye ilikaa juu ya Falcon, vwatiri ndogo ya Ford, Ford alisema inabeba ratili 800, ni kama kilo 360, yani mifuko saba ya simenti na umefunga. Kwa hiyo mwenye anatafuta motoka ya kazi ya shamba ku Kasenga, aachane na hii maneno, anunue Hilux, na tubakie marafiki.

Sasa turudie ku pengo, juu njo moyo wa hii mambo.

Mbele ya El Camino, kuanzia 1964, ni ya Chevelle, vwatiri ya Chevrolet, na Chevelle za 1964 mpaka 1972 Wamarekani banazipenda mpaka piesi mupya zinatengenezwa hadi leo, gardabu, kapo, kalandri, parashoki, tablo, sakafu, jwenti za milango, yote iko ku katalogi. Ford Ranchero ya 1960 mpaka 1965 nayo iko na bahati yake, juu Mustang ya kwanza ilijengwa na vitu vya Falcon, sasa freni, direksio, moteri, mingi inaingiana. Shida inaanza nyuma ya kiti. Sakafu ya beni, ubavu wa beni wa ndani, kioo ya nyuma, mulango wa nyuma wa kufungukia chini, bageti yenye inazunguka juu ya beni. Ile ni ya El Camino peke yake, ao ya Ranchero peke yake, na Chevelle yenye milango mbili haiwezi kukusaidia. Kuna fashi kidogo ya kupona: ku El Camino za 1968 mpaka 1972 taa za nyuma na parashoki ya nyuma ni za steshen wagoni, kwa hiyo mutu akikuambia taa ya nyuma haiko, usilie sana. Akikuambia mulango wa nyuma hauko, anza kuhesabu. Akikuambia bageti zote ziko ndani ya karto mu nyumba ya shangazi yake na atazileta siku ya kulipa, funga telefone.

Ile ya karto haina hadithi ya kuchekesha tu. Muuzishaji mumoja alitutumia picha nzuri za Ranchero ya 1969, mulango wa nyuma uko, bageti ziko, taji (magurudumu) za kromi nne. Mudogo wangu alipofika, mulango wa nyuma ulikuwa ni ubao wenye kupigwa rangi, na picha zilikuwa za miaka ya nyuma. Bei ilibakia ile ile. Tuliaga na heshima.

Kwa hiyo dawa ni kuomba video, si picha. Mutu azunguke motoka polepole, afungue kila kitu yenye inafunguka, ashushe vioo na kupandisha, aingize telefone chini ya tablo, afungue beni. Na ku El Camino aonyeshe ile shimo ya siri: chini ya sakafu ya beni, karibu na kabini, kuna nafasi yenye ilibakia tangu ku steshen wagoni, fashi batu ba nyuma balikuwa banawekaka miguu. Kuna kifuniko juu yake. Batu banaisahauka, maji na majani vinaingia, vinakaa, toli inaoza pole pole na beni juu inaonekana muzuri. Ukiona fundo ya kutu mule, ujue sakafu ya nyuma yote iko mugonjwa. Fashi ingine ni chini ya kioo ya mbele na ya nyuma, zaidi kama paa ilifunikwa na vinili, ile vinili inashika maji sawa kitambaa. Na pembe za chini za mulango wa nyuma, na nyuma ya taji za nyuma. Ile yote ni kazi ya tolie wetu, usiogope, paka uitoshe ku bei.

Lakini nisidanganye batu, kuna kutu ya ngozi na kutu ya mifupa. El Camino zote ziko na shasi ya peke yake chini, bodi inakaa juu, unaweza kuinyanyua. Ranchero ya 1960 mpaka 1971 haina vile, bodi njo shasi, chuma ya chini ikioza nguvu yote inaenda, na Ford alirudilia shasi ya peke yake paka 1972. Kwa hiyo Ranchero ya ile miaka yenye ilikaa Michigan ao Ohio, fashi banamwangaka chumvi ku barabara juu ya kuyeyusha barafu, mi siishike hata kwa zawadi. Chumvi inakula kuanzia chini, ndani ya mabomba ya shasi, haionekani. Mudogo wangu anabebaka sumaku na nyundo kidogo ya kugonga: sumaku ikikataa kushika, chini kuna mastiki, na chuma yenye kuoza inatoa sauti ya karto.

Sasa kuna bale benye banasema basi tununue za Arizona, kule ni jangwa, kutu hakuna. Ndiyo, toli ni muzuri, nimeona shasi za 1970 zingali na alama za kiwanda. Lakini jua ya Phoenix inakula yote yenye haina chuma. Tablo inapasuka, kiti inakuwa unga, jwenti za milango zinakuwa sawa mukaa, nyaya zinakauka na kuvunjika ukizikunja. Na ile yote, ona, ni pengo. Ile tolie hawezi. Juu ya hiyo mi naweza kuchukua motoka ya Oregon ao Tennessee, na mashimo yake ku sakafu, yenye ndani ingali muzima, mbele ya motoka ya jangwa yenye ngozi ya mutoto na ndani imekufa. Mudogo wangu hakubali, anasema ni kiburi ya Balushois, batu ba L'shi. Sawa.

Neno "iliponaka" nalo tulichunge. Yenye ilipona kweli ni ile yenye rangi yake ya kwanza, viti vyake vya kwanza, mutu mumoja ao wawili balikuwa nayo, inatembea, inapigwa breki inasimama. Ingine banaita vile ni motoka yenye ililalaka mu hangari miaka makumi mbili, na muuzishaji anakuambia "ilikuwa inawaka siku baliiweka". Kila motoka ilikuwa inawaka siku baliiweka, bwana. Esansi ya ndani imekuwa gundi, rezervwari imekula kutu kwa ndani, silinda za freni zimeshika, panya wamejenga ku nyaya. Ile ni ya kufufua, na bei yake iwe ya kufufua. Kwa macho yetu, za kufufua zilikuwa zinacheza kati ya elfu mbili na elfu saba za dola, za kupona za kweli kuanzia kumi na mbili kwenda juu, na ukifika ku SS za 1970 pale bei inaruka, mimi narudi kwangu.

SS yenyewe inaomba mutu awe na akili ya polisi. Ni El Camino yenye moteri ya nguvu, 396 (ile namba ni ukubwa wa moteri kwa inchi), na mwaka wa 1970 balifikisha 454, ile ya LS6 yenye balihesabia farasi 450. Sasa mutu anachukua El Camino ya kawaida, anabandika herufi mbili ku kalandri, anapiga mistari mieusi ku kapo, anaongeza elfu kumi. Kwa 1968 peke yake namba ya motoka inasema ukweli, SS inaanza na 138, za kawaida za V8 (silinda munane) zinaanza na 134 ao 136. Kuanzia 1969 SS ikawa kitu ya kuomba ku komande, na namba haisemi tena, kwa hiyo bila ile karatasi ya kiwanda yenye ilifichwaka ndani ya viti ao juu ya rezervwari, SS ni maneno ya mudomo. Mi nasema achana nayo kabisa. Kwa esansi ya L'shi ile 454 utaitembeza siku ya ndoa paka.

Kuhusu moteri sina wasiwasi mingi, na hapa nitapita haraka. V8 ndogo ya Chevrolet, 283, 327, 350, ni familia moja tangu 1955, piesi zake ni bei ya chini na fundi mwenye kujua karbirateri ataielewa kabla ya saa sita. Rektifikasio ya vilebrekeni (ile chuma yenye kuzunguka ndani ya moteri) tuko nayo hapa muji, juu ya mitambo ya mines. Kitu moja yenye batu banasahau: buloni ni za inchi. Mekanisie wa Toyota iko na funguo za milimita, atakuharibia vichwa vya buloni zote. Tafuta mwenye alitumikaka ku masini za Caterpillar, bale banaikala na funguo za inchi ndani ya buwati. Na usishtuke ukiona motoka ya 1972 iko na farasi kidogo kuliko ya 1970 na moteri ni ile ile, mingi ni kuhesabu njo kulibadilika, mbele balikuwa banapima moteri yenye kuvuliwa vitu vyote, kisha bakapima yenye kuvaa.

Juu ya esansi: GM, kampuni yenye Chevrolet na GMC, kuanzia 1971 alitengeneza moteri za kukubali esansi bila risasi. Za mbele ya pale, ukifungua kulase (kichwa cha moteri), omba bakuwekee siti ngumu za valvu, kazi ni moja. Na freni, mbele ya 1967 mabomba yote yanakunywa ku chupa moja, hozi moja ikipasuka hauna freni hata moja, ku mteremko wa route Likasi na makamyo za mukuba nyuma yako. Badilisha ile mbele ya rangi, mbele ya muziki, mbele ya yote.

Mutu atakuambia kuna El Camino za mazuti, na roho yako ya kongomani itaruka. Ziko kweli, miaka ya 1980 baliweka V8 ya mazuti ya Oldsmobile, lita 5.7. Kulase zake zilikuwa zinanyanyuka juu buloni hazikuwa za kutosha kwa ile presha, jina yake ilichafuka Marekani nzima. Hapana.

Basi ipi? Mi nitasema wazi na batu bakasirike. El Camino ya 1978 mpaka 1987, ile ya mwisho, ya kona kona, yenye vijana ba Instagram banaicheka kidogo. Vitu vingi ni vya Malibu na Monte Carlo, vwatiri za Chevrolet za ile miaka, kwa hiyo piesi ziko, shasi iko, V8 305 ao V6, na kuanzia 1985 iko V6 4.3 yenye sindano. Beni ni safi. Taji ni inchi 14, utazikuta. Ubaya wake ni hizi: buloni zimechanganyika, ingine inchi ingine milimita, na kuanzia 1981 karbirateri iko na ordinateri kidogo yenye kuiongoza na mabomba ya vakuumu sawa matumbo, mafundi ba hapa bataikataa, na haki yabo, batatoa yote na kuweka karbirateri ya kawaida. Fanyeni vile. Na kama mutu anauzisha GMC Caballero, chukua hiyo mbele: ni motoka ile ile, jina tofauti ku mulango wa nyuma, na juu batu kidogo banaitafuta bei inaongeleka. GMC Sprint ya 1971 mpaka 1977 ni vile vile, ndugu wa El Camino wa mulango ingine.

Za 1964 mpaka 1967 ni nzuri kuangalia kupita zote, mistari yenye kunyooka, hakuna kelele, na kama ningekuwa na feza ya mutu wa mines ningechukua 1966 ya V8 283 na nisiongee na mutu. Za 1968 mpaka 1972 njo zenye batu banajua na njo zenye piesi mingi, lakini unalipa jina. Za 1973 mpaka 1977 ni kubwa, milango mizito sawa ya frigo, bei yake kidogo, na hapo unajiuliza mbona, kisha unatafuta parashoki na unajua mbona. Mulango wa nyuma wa 1975 tuliutafuta mpaka tukachoka.

Ranchero ya 1972 mpaka 1976, yenye uso wa Gran Torino, vwatiri ya Ford, ile mudomo wazi, inanivutia sana kwa macho na inanitisha kwa piesi, ni kama ya Chevrolet ya ile miaka, zaidi tena. Mekaniki ya Ford ni nzuri, 302 na 351 hazina neno, lakini gardabu na kalandri unaombea mu zile makaburi ya motoka. Chukua paka yenye imetimia, hata kama rangi ilikufa. Za 1977 mpaka 1979 ni ndefu, nitasema ku kontena. Ndogo za 1960 mpaka 1965 ni nyepesi, moteri ya silinda sita ya kunywa kidogo, kwa muji kama L'shi zingefaa, tatizo ni ile ya bodi kuwa shasi.

Kuna fungu ya mwisho yenye batu banadharau. Dodge Rampage ya 1982 mpaka 1984 na Plymouth Scamp ya 1983, taji za mbele njo zinavuta, silinda ine, lita 2.2. Ni kamotoka kazuri, lakini ukikosa kioo moja motoka imekufa. Subaru Brat si ya Marekani ni ya Japani, naitaja juu ya kichekesho yake: Marekani tangu 1964 banalipisha kamyoneti ndogo za inje ushuru wa asilimia 25, sasa Subaru akaweka viti mbili za plastiki ndani ya beni, zenye kuangalia nyuma, aseme hii ni motoka ya batu. Kutu inaipenda sana. Alafu Volkswagen Rabbit pikapu, yenye balitengenezaka Pennsylvania, ku kiwanda ya Westmoreland, ile njo naomba mutu mwenye akili aiangalie mara mbili, juu bodi ni ndugu ya Caddy, pikapu ya Volkswagen yenye Afrika Kusini alitengeneza mpaka miaka ya 2000. Piesi zinatoka Johannesburg na basi, haina kupita bahari. Na mazuti yake ya lita 1.6 haina ile ugonjwa ya Oldsmobile. Haina roho ya El Camino, hakuna mutu atageuza kichwa ku Kamalondo ukipita, lakini itapita kila siku.

Kabla sijasahau, mutu akikuletea El Camino kutoka kusini, angalia volani. Afrika Kusini miaka ya 1970 baliuzisha kwa ile jina motoka ya Holden ya Australia, volani kuume. Ni motoka nzuri, lakini haina hii tunaongelea, na piesi za Chevelle hazitaingia. Za Marekani volani iko kushoto, fashi yake ya haki ku barabara yetu.

Kuisafirisha. Kontena ya futi 20 ndani ni kama mita 5.9. Ranchero ndogo ya 1960 iko mita 4.8, inaingia na unabakia na nafasi ya moteri ya akiba. El Camino ya 1978 kwenda juu iko mita 5.1, ya 1970 iko 5.25, zote zinaingia. Ranchero ya 1977 inakaribia 5.6, itaingia lakini usiote kuweka kitu ingine mbele yake, na kufungua mulango ndani ya kontena utatoka kwa dirisha. Kama inatoka Houston, inashuka Dar es Salaam, kisha Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa. Jaza beni na piesi, jwenti, kioo ya akiba, vyote ku faktire, ku duani banafungua.

Karatasi njo zinaua proje mingi kuliko kutu. Kule Marekani duani inaomba karatasi ya umiliki yenyewe, orijinali ao kopi yenye kuthibitishwa, na motoka nayo ifike masaa 72 mbele ya kutoka. Motoka za kufufua mingi zinauzishwa na karatasi ya kuuziana tu, ile ya umiliki ilipoteaka kwa babu, basi hauwezi kuitosha. Muulize muuzishaji jambo hilo kwanza, mbele ya kutuma mutu kilomita mia tatu. Na upande wetu kuna sheria ya umri wa motoka za okazio zenye kuingia nchi, kwa hiyo kaa na deklara mwenye akili, akuandikie ku karatasi namna motoka ya 1984 itaingia na italipa ngapi, akikuambia "tutaongea ku mupaka" tafuta mwingine.

Sasa hivi mudogo wangu iko nyuma ya Caballero moja ya 1984, V8 305, Tucson, rangi ya kwanza ya kahawa, sakafu upande wa shofere imetoboka unaona chini, na bageti zote ziko. Muuzishaji anaomba elfu sita hata kama tablo imepasuka, sisi tuko ku ine na nusu. Karatasi ya umiliki iko, tumeiona ku video, jina ni la kwake.